Kichwa cha Kushoto

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mahakama, Wete,
na mkono uliozoea kuandika hauachi kwa sababu ya pensheni.
Kila bao nililocheza na Shaame Faki, fundi wa redio pale Limbani,
nililiandika: shimo la kuanzia, upande, kete zilizoliwa,
tarehe ya Kiislamu pembeni.
Madaftari kumi na moja. Mende wamekula mawili.

Thuwaiba, binti wa mdogo wangu, anasoma kompyuta Unguja.
Likizo hii amekaa ukumbini na yale tisa,
akiipa mashine yake mchezo mmoja mmoja
kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Inafanyaje?" nikamuuliza.
Akasema: kwa kila zamu inatazama njia zote zilizokuwa wazi,
inazifuata, mtaji juu ya mtaji, hadi mbali,
inaipa kila njia thamani yake.
Halafu inatazama wewe ulipita wapi.
Tofauti ya njia bora na njia yako, hilo ndilo kosa.
Inayajumlisha makosa, inayagawa kwa zamu,
na nambari ikiwa ndogo, mchezaji ni mkubwa.
"Michezo ya dado," akasema, "kwanza lazima uikamue bahati.
Bao halina dado, ami."
Maana yake, hakuna pa kujificha.

Mimi: tisa nukta nne.
Shaame: mbili nukta moja.
Sikushangaa. Jua nalo huchomoza mashariki.
Katika miaka yote nimemfunga mara kumi na tisa,
na zote nazijua kwa moyo, kama majina ya wanangu.

Thuwaiba akanyamaza, akanigeuzia kioo.
Mara kumi na saba kati ya hizo
kuna zamu moja, moja tu, iliyopakwa nyekundu.
Shaame anakula, njia ya kulia iko wazi,
hata mtoto wa chuoni angeiona,
naye anaanzia kichwa cha kushoto.
Nyumba yake inabaki uchi. Ninaila. Ninashinda.
"Mtu wa mbili nukta moja," akasema, "hakosei hivi."

Nikasoma tarehe.
Usiku wa tatu baada ya kumzika mama.
Wiki ile Bikombo alipolazwa Mkoani, madaktari wanataka kuukata mguu.
Siku barua ya cheo ilipofika na jina la mtu mwingine.

Sikulia. Nilikasirika.
Wahenga walishasema la nguo ya kuazima,
nami nimetembea nayo sokoni miaka yote hii,
nikisimulia kwenye maharusi ya watu
jinsi nilivyomwacha Shaame Faki hana hata kete ya mbele.

Nikaichukua karatasi mpaka dukani kwake.
Alikuwa ameinamia redio ya mtu, risasi ya kulehemu inafuka.
Akasoma pole pole, miwani imeshikwa na uzi.
Hakuuliza mashine ni ya nani. Hakukana.
Akachomoa penseli sikioni, akakata mstari mmoja:
mwezi nane Mfunguo Tano.
"Huu utoe. Huu nilikosea kweli. Ulinishinda."
Akarudi kwenye redio.

Nyumbani Thuwaiba akauliza, abadilishe hesabu?
Nikamwambia ngoja.
Nimeitafuta tarehe ile kwenye daftari; wino umepauka,
mwandiko ni wangu: mvua asubuhi, samaki ghali.
Hakuna aliyekufa, hakuna aliyelazwa.
Ikanipendeza. Kisha, usiku, ikanitia shaka,
kwa maana mkono ulioishika penseli
ni ule ule,
na sijui hata leo kama ulisema kweli
au ulianzia kichwa cha kushoto.